Kinu, Maji na Oveni: Maarifa ya Kupika Pasta kwa Pesto na Mboga za Kuoka

Pasta yenye pesto na mboga zilizookwa ni chakula kinachokusanya katika sahani moja vitu vitatu, na kila kimoja hutayarishwa kwa njia isiyofanana na ya mwenzake: pasta huchemshwa katika maji mengi yenye chumvi, mboga huokwa katika joto kali na kavu la oveni, na pesto, ambayo ni rojo zito la kijani linalotokana na majani ya mrehani, hupondwa katika kinu na kuliwa bila kupitishwa motoni. Anayekipika kwa mara ya kwanza huweza kudhani kwamba utamu wake unatokana na wingi wa viungo au na bei ya jibini, lakini ukizifuata hatua zake moja baada ya nyingine utaona kwamba jambo kubwa ni kujua kila kiungo kinahitaji joto kiasi gani, kwa muda gani, na kwa sababu gani. Mpishi anayelielewa jambo hilo huweza kubadilisha mboga, aina ya pasta, hata mbegu zinazotiwa kwenye pesto, na bado chakula chake kikawa kizuri. Asiyelielewa huweza kununua kila kilichoandikwa kitabuni, na mwishowe akapakua rojo jeusi, mboga zilizojaa maji na pasta iliyoshikana.

Neno pasta, ambalo kwa Kiitaliano lina maana ya donge la unga uliokandwa, hujumlisha vyakula vya unga wa ngano ambavyo wasemaji wa Kiswahili wamevizoea kwa majina ya tambi, spageti na makaroni. Katika mwambao wa Afrika Mashariki tambi ni chakula cha siku nyingi, hasa zile nyembamba zinazokaangwa kidogo kisha zikapikwa kwa sukari na iliki, na mara nyingi kwa tui la nazi, zikaandaliwa wakati wa futari na sikukuu. Kwa hiyo chakula kinachozungumzwa hapa si kigeni kabisa kwa msomaji wa Kiswahili. Kilicho kigeni ni namna ya kukiandaa, na namna hiyo ina historia yake.

Chimbuko katika bandari ya Genova

Pesto ni chakula cha Genova, mji wa bandari ulio kaskazini magharibi mwa Italia katika mkoa wa Liguria. Mkoa huo ni ukanda mwembamba uliobanwa kati ya milima na bahari, ambako wakulima wamejenga matuta ya ngazi kwenye miteremko ili wapate mahali pa kupanda mizeituni, mizabibu na mboga. Jina lenyewe linatokana na kitenzi chenye maana ya kuponda, na kwa hiyo pesto, kwa tafsiri ya moja kwa moja, ni “kilichopondwa”. Desturi ya kuponda majani, kitunguu saumu, jibini na mafuta katika kinu ni kongwe kuliko mji huo kuwa dola ya kibiashara, kwa maana Warumi wa kale walikuwa na chakula walichokiita moretum, kilichotengenezwa kwa jibini, kitunguu saumu na majani yenye harufu vilivyopondwa pamoja. Hata hivyo, mapishi ya pesto yanayofanana na ya leo yalichapishwa mwaka 1863 katika kitabu La Cuciniera Genovese cha Giovanni Battista Ratto.

Mapishi hayo ya 1863 yanafaa kutazamwa kwa makini, kwa kuwa yanaondoa dhana kwamba pesto ilizaliwa ikiwa kanuni isiyoguswa. Ratto aliruhusu mpishi aliyekosa mrehani atumie majani mengine yenye harufu pamoja na kotmiri ya kizungu, na katika orodha yake ya jibini aliiweka jibini ya Uholanzi pamoja na ile ya Parma, jambo linalodhihirisha kwamba jiko la Genova lilipokea kilichoshushwa bandarini. Kufikia leo jibini zinazokubalika zaidi ni mbili: Parmigiano Reggiano, jibini ngumu ya maziwa ya ng'ombe inayohifadhiwa kwa miezi isiyopungua 12 kabla ya kuuzwa, na Pecorino ya kisiwa cha Sardegna, inayotokana na maziwa ya kondoo na yenye ukali na chumvi zaidi.

Pasta nayo ilifika Genova mapema. Mwanajiografia al-Idrisi, aliyeandika mwaka 1154 katika utawala wa mfalme wa Sicilia, alikitaja kijiji cha Trabia katika kisiwa hicho kuwa mahali palipotengenezwa tambi kavu kwa wingi na kusafirishwa kwa meli kwenda nchi za Waislamu na za Wakristo. Katika Genova yenyewe, hati ya urithi iliyoandikwa na mthibitishaji Ugolino Scarpa mwaka 1279 inataja, miongoni mwa mali iliyoachwa na askari mmoja, kapu lililojaa makaroni. Kwa kuwa Marco Polo alirejea Italia mwaka 1295, hati hiyo peke yake inatosha kuikanusha hadithi inayosimuliwa mara nyingi kwamba yeye ndiye aliyeileta pasta kutoka China. Ushahidi huo unaelekea upande wa bahari ya Mediterania na wafanyabiashara wake wa Kiarabu, na ni rahisi kuona kwa nini chakula kikavu kisichooza kiliwafaa watu wa safari ndefu za baharini.

Katika mapokeo ya Genova, pesto huchanganywa na pasta fupi iliyosokotwa iitwayo trofie au na pasta ndefu na bapa iitwayo trenette, na sufuria hiyohiyo hutiwa vipande vya viazi na maharage machanga ya kijani. Mboga zilizookwa si sehemu ya mapokeo hayo. Ni nyongeza ya majiko ya nyakati za karibuni, ndani na nje ya Italia, na nyongeza hiyo ina mantiki, kwa kuwa utamu mzito wa mboga zilizopata rangi ya kahawia hukutana vizuri na ubichi mkali wa mrehani.

Mrehani, jani la kikuba na la kinu

Mmea unaotengenezewa pesto, ambao kwa jina la kisayansi ni Ocimum basilicum, ndio mrehani au mrihani unaojulikana Lamu, Mombasa, Unguja na Pemba, na ambao majani yake hufungwa pamoja na asumini na mkadi kutengeneza kikuba, yaani kile kifungo kidogo cha maua na majani ambacho wanawake hujipamba nacho kwa ajili ya harufu. Mwambao umeuthamini mmea huu kwa pua kuliko kwa ulimi, ilhali watu wa Liguria wameuingiza chunguni, na tofauti hiyo ya matumizi haipaswi kumficha msomaji ukweli kwamba jani ni la spishi moja. Lakini aina zake ni nyingi, na harufu zake hutofautiana: baadhi hunukia kama shamari, nyingine kama limau, na mrehani wa Genova hunukia kwa utamu wenye ukali kidogo unaokumbusha karafuu. Ukumbusho huo si wa bahati, kwa maana miongoni mwa mafuta ya harufu yaliyomo katika jani hilo imo yujenoli, kemikali ileile inayoyapa mafuta ya karafuu za Unguja na Pemba harufu yake.

Mrehani wa Genova umelindwa tangu mwaka 2005 kwa utambulisho wa asili wa Umoja wa Ulaya, maana yake ni kwamba jina hilo haliwezi kutumiwa kibiashara kwa mmea uliokuzwa nje ya Liguria. Kitongoji cha Prà, kilicho magharibi mwa mji, ndicho chenye sifa kubwa zaidi, na huko mmea hukuzwa katika vibanda vya vioo na kung'olewa ungali mchanga, majani yakiwa madogo na laini. Sababu ya kuuvuna mapema inamhusu kila mpishi, hata aliye mbali na Prà: mmea unapokomaa na kuelekea kutoa maua, majani hukakamaa na harufu hubadilika ikawa chungu zaidi. Anayeupanda mrehani kwenye kopo barazani hupata majani mazuri kwa kuyachuma mara kwa mara na kuzikata ncha kabla maua hayajachanua.

Kinachotokea ndani ya kinu

Kinu cha Genova hutengenezwa kwa marumaru, na mchi wake ni wa mti. Lugha ya Kiswahili ina vitenzi kadhaa kwa kazi zinazofanywa na kinu, na hapa tofauti zake zina thamani: pesto haitwangwi kama nafaka, kwa kuuinua mchi juu na kuushusha kwa nguvu, bali husuguliwa na kupondwa kwa kuuzungusha mchi huku majani yakibanwa kwenye kuta za kinu, na mkono wa pili ukikigeuza kinu upande wa pili. Mashindano ya dunia ya pesto, ambayo tangu mwaka 2007 hufanyika katika jumba la Palazzo Ducale mjini Genova, huwaita washindani 100 wakiwa na vinu na michi, wala mashine hairuhusiwi.

Kwa watu wanne hutosha gramu 50 hadi 60 za majani ya mrehani, punje moja ya kitunguu saumu, gramu 30 za mbegu za msonobari, gramu 50 za Parmigiano na gramu 20 za Pecorino zilizokwanguliwa, mililita 70 au 80 za mafuta ya zeituni yasiyosafishwa kwa kemikali, na chembe chache za chumvi ya mawe. Majani husafishwa kwa maji baridi na kukaushwa kwa kitambaa bila kukamuliwa, kwa sababu jani likikunjwa mkononi huanza kupoteza mafuta yake kabla halijafika kinuni, na maji yanayobaki juu yake hulifanya rojo liwe jepesi.

Kitunguu saumu huanza, baada ya kutolewa kile kichipukizi cha kijani kilicho katikati ambacho huongeza uchungu, na hupondwa hadi kiwe laini kama krimu. Ukali wake haukuwamo katika punje nzima. Hutengenezwa pale seli zinapovunjika na kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali, kinapokutana na dutu iliyokuwa imetengwa nacho. Mbegu hufuata, kisha majani pamoja na chumvi, ambayo chembe zake hufanya kazi ya msasa. Ukiyatazama majani kwa karibu katika hatua hii utayaona yakipoteza umbo hatua kwa hatua: kwanza hulegea na kung'aa, kisha mishipa yake hukatika, ndipo kinapoanza kutoka kimiminika cha kijani kibichi kinachotambaa kwenye marumaru, na harufu huwa nzito kiasi cha kujaza chumba. Jibini hutiwa baada ya hapo, na mafuta humiminwa mwisho, kidogo kidogo, huku mchi ukiendelea kuzunguka.

Kuvunja seli ndiko kunakotoa harufu, lakini huko huko ndiko kunakoanzisha uharibifu, kwa kuwa kimeng'enya kingine kilichomo katika jani, kikikutana na hewa, huigeuza rangi ya kijani kuwa ya kahawia na hatimaye nyeusi. Jambo hili si geni kwa jiko la Kiafrika. Kisamvu, yaani majani machanga ya muhogo ambayo wasemaji wa Kiswahili wa Kongo huyaita sombe, nacho hupondwa katika kinu, na kupondwa huko huvunja seli na kuachia sumu ya sianidi, ambayo hupotea majani yanapochemshwa kwa muda mrefu. Mpishi wa kisamvu na mpishi wa pesto hufanya tendo moja kwa mchi, lakini baada ya tendo hilo njia zao hutengana: mmoja lazima apeleke majani motoni kwa ajili ya usalama wa mlaji, na mwingine lazima ayaepushe na moto kwa ajili ya rangi na harufu.

Asiye na kinu cha jiwe huweza kutumia mashine ya kusagia, mradi azingatie kwamba visu vinavyozunguka kwa kasi hutoa joto na kuingiza hewa nyingi. Njia inayosaidia ni kukiweka chombo cha mashine kwenye friji kabla ya kazi, kuyatia mafuta mapema ili yayafunike majani, na kusaga kwa mipigo mifupi yenye kupumzisha. Wengine huyachovya majani katika maji yanayochemka kwa sekunde chache tu na kuyatumbukiza mara moja katika maji ya barafu, hatua inayokizima kile kimeng'enya na kuihifadhi rangi, ingawa sehemu ya harufu huenda na maji.

Oveni na kazi ya kuondoa maji

Mboga zinazofaa kwa chakula hiki ni biringanya, pilipili hoho, vitunguu maji, nyanya ndogo, na zukini, ambazo ni jamii ya maboga yanayovunwa yangali machanga. Karibu zote zina maji zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake, na hapo ndipo penye kiini cha elimu ya kuoka. Maji yakiwa juu ya uso wa kipande cha mboga, joto la uso huo haliwezi kupanda sana kupita kiwango cha kuchemka, hata oveni ikiwa na nyuzi joto 220, kwa kuwa nguvu yote hutumika kuyageuza maji kuwa mvuke. Maji yakishatoka, joto hupanda, na kuanzia takribani nyuzi joto 140 sukari na viini vya protini huanza kuungana na kutoa rangi ya kahawia pamoja na ladha mamia kwa mamia. Badiliko hilo huitwa kwa jina la mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard, aliyelieleza mwaka 1912, na msomaji analijua kwa ulimi hata kama hajalisikia jina lake, kwa sababu ndilo linaloupa ukoko wa wali harufu yake, na ndilo linaloitofautisha nyama ya kuchoma na ya kuchemsha.

Kutokana na maelezo hayo, kanuni za kuoka mboga hujitokeza zenyewe. Vipande hukatwa kwa ukubwa unaolingana, wa sentimita 2 au 3, ili viive pamoja. Hupakwa mafuta kiasi cha kung'aa tu, kwa kuwa mafuta hulisambaza joto sawasawa kwenye uso. Na hutandazwa kwenye trei kwa safu moja yenye nafasi kati ya kipande na kipande. Kosa linaloharibu mboga nyingi zaidi kuliko mengine yote ni kuijaza trei, kwa sababu vipande vilivyorundikana hufungia mvuke kati yao na kupikana kwa mvuke huo, vikatoka vimelegea, vyenye rangi ya kijivu na maji chini yake. Ni afadhali kutumia trei mbili, au kuoka kwa awamu, kuliko kuilazimisha moja.

Chumvi nayo ina wakati wake. Kila aliyewahi kukata kachumbari anajua kwamba nyanya na vitunguu vikitiwa chumvi na kuachwa hutoa maji bakulini, na tabia hiyo hutumika kwa faida kwenye biringanya, ambayo vipande vyake hunyunyiziwa chumvi kwa nusu saa, kisha hufutwa kwa kitambaa, vikaingia ovenini vikiwa na maji machache na vikinyonya mafuta kidogo zaidi. Mboga nyingine hutiwa chumvi zinapokaribia kuingia motoni.

Oveni huwashwa mapema hadi ifike nyuzi joto 200 au 220. Biringanya, pilipili hoho na vitunguu hutangulia na kukaa humo kwa dakika 30 hadi 35, zukini huongezwa baada ya dakika 10, na nyanya huongezwa katika robo saa ya mwisho, kwa kuwa hupasuka upesi. Dalili ya kuiva haipatikani kwenye saa peke yake: pembe za vipande huwa na rangi ya asali iliyokolea, ngozi ya pilipili hoho huvimba na kubabuka hapa na pale, nyanya hujikunja na kuachia mchuzi mzito unaoganda kwenye trei, na sauti ya mchemko wa maji hufifia. Vipande hugeuzwa mara moja tu katikati ya muda, kwa maana vikichokonolewa kila mara havipati nafasi ya kushika rangi.

Nyumba isiyo na oveni haijanyimwa chakula hiki. Wapishi wa mwambao wameoka mikate ya mchele kwa moto wa juu na chini, wakipalia makaa juu ya mfuniko wa sufuria, na biringanya au pilipili hoho nzima huweza kuchomwa moja kwa moja juu ya jiko la mkaa hadi ngozi iwe nyeusi, ikafunikwa bakulini kwa dakika 10 ili mvuke uilegeze ngozi, kisha ikamenywa na kukatwa. Ladha ya moshi itakuwamo, nayo haigombani na pesto.

Sufuria ya pasta

Pasta nzuri kavu hutengenezwa kwa ngano ngumu, aina ya ngano ambayo punje yake haisagiki kuwa unga laini bali huvunjika kuwa chenga za rangi ya dhahabu zenye protini nyingi, na sheria ya Italia ya mwaka 1967 ndiyo iliyoweka kwamba pasta kavu iwe ya ngano hiyo. Protini hiyo, inapokandwa na maji, hufanya wavu uitwao gluteni, na wavu huo ndio unaoushika wanga wakati wa kuchemsha. Pasta ya ngano laini ina wavu dhaifu, na kwa hiyo wanga wake hutoka upesi, maji yakawa kama uji na vipande vikashikana.

Desturi ya Italia ni lita moja ya maji na gramu 10 za chumvi kwa kila gramu 100 za pasta, ingawa kwa kuwa pesto ina jibini yenye chumvi, gramu 7 au 8 hutosha. Pasta hutumbukizwa maji yakiwa yanatokota, na hukorogwa hasa katika dakika ya kwanza na ya pili, kwa sababu ndipo uso wake unapokuwa na wanga wa kunata. Muda ulioandikwa kwenye pakiti ni mwongozo wa mahali ambako maji huchemka kwa nyuzi joto 100, kama Dar es Salaam au Mombasa. Nairobi, iliyo juu ya usawa wa bahari kwa takribani mita 1,700, maji huchemka kwa karibu nyuzi joto 94, na kwa hiyo mpishi wa huko huongeza dakika kadhaa.

Kipimo cha kuiva huitwa na Waitaliano al dente, maana yake “kwa jino”, yaani pasta iliyoiva lakini ambayo bado hulipa jino upinzani kidogo. Msomaji wa Kiswahili ana neno linaloukaribia ukweli huo: wali ambao katikati ya punje haujaiva husemwa kuwa una kiini, na mpishi wa wali hulaumiwa kwa hilo. Katika pasta, dalili ndogo kabisa ya kiini inapoelekea kutoweka ndiyo alama ya kuizima sufuria, kwa kuwa joto lililomo litaimalizia pasta njiani kutoka chungioni hadi mezani.

Kabla ya kumwaga maji, mpishi huteka kikombe kimoja na kukiweka kando. Maji hayo yaliyotiwa ukungu na wanga huonekana kama taka, kumbe ndiyo kiungo kinachoviunganisha vyote.

Kukutanisha vitatu

Mafuta na maji hayapatani yenyewe, lakini hukaa pamoja kikiwapo kitu cha kuvizuia vitone vya mafuta visiungane. Tui la nazi ni mfano ambao kila jiko la mwambao linaujua: limejaa mafuta yaliyotawanyika majini, na likichemshwa kwa moto mkali bila kukorogwa hukatika, mafuta yakaelea juu. Pesto iliyochanganywa na maji ya pasta iko katika hali kama hiyo, na wanga ndio unaovishika vitone vya mafuta. Ratto mwenyewe, katika yale mapishi ya 1863, aliagiza pesto ilegezwe kwa maji ya moto, na agizo hilo limebaki kuwa sahihi.

Pesto huwekwa katika bakuli kubwa, si katika sufuria iliyo jikoni, na hulegezwa kwa vijiko viwili au vitatu vya maji ya pasta yaliyopoa kidogo hadi iwe kama maziwa mazito. Pasta iliyochujwa humiminwa humo na kugeuzwa kwa mwiko kuanzia chini kwenda juu, maji yakiongezwa kidogo kidogo kila inapoonekana kukauka, mpaka kila kipande kivae kijani bila kuacha dimbwi la mafuta chini ya bakuli. Pesto ikirudishwa motoni, mrehani hupoteza harufu na kuwa mweusi, na protini za jibini hujikaza zikawa nyuzi na madonge. Mboga hutiwa mwisho, zikiwa na uvuguvugu, na hugeuzwa mara mbili au tatu tu ili zisipondeke. Mchuzi uliokauka kwenye trei ya nyanya hukwanguliwa na kuongezwa, kwa kuwa umebeba ladha nyingi.

Mbadala na uhifadhi

Mbegu za msonobari ni ghali hata Italia, na ndiyo maana chupa nyingi za pesto ya viwandani huorodhesha korosho badala yake. Kwa msomaji wa Mtwara au Lindi, ambako mkorosho ni mti wa uchumi, mbadala huo una maana ya pekee: korosho mbichi zisizokaangwa zina ulaini na utamu unaokaribia ule wa msonobari, na hupondeka bila shida. Italia yenyewe ina mifano ya uhuru huo, kwani mji wa Trapani katika Sicilia huponda lozi na nyanya pamoja na mrehani, na ng'ambo ya mpaka, katika jimbo la Provence nchini Ufaransa, rojo liitwalo pistou hutengenezwa bila mbegu kabisa. Jambo ambalo halina mbadala ni uzima wa viungo: mbegu zenye mafuta huchacha upesi, na mbegu moja iliyochacha huliharibu bakuli zima.

Pesto huhifadhiwa kwenye friji, ndani ya chupa safi, uso wake ukiwa umefunikwa kwa safu ya mafuta inayozuia hewa, na huliwa ndani ya siku chache. Haifai kuachwa kwenye joto la kawaida, kwa sababu kitunguu saumu kibichi kilichozama katika mafuta ni mahali ambapo bakteria wa botulini, wanaopenda kukosa hewa, huweza kuzaliana na kutoa sumu ya hatari. Kwa muda mrefu zaidi hugandishwa katika vyombo vya barafu, na wengi huigandisha kabla ya kuitia jibini.

Ratiba ya kazi, kwa hiyo, hufuata joto: oveni huwashwa kwanza na mboga zikaingia, pesto hupondwa mboga zikiwa zinaoka, maji hutiwa jikoni ili yatokote, na pasta hutumbukizwa kwa hesabu itakayoifanya iive mboga zinapotoka. Bakuli hupelekwa mezani mara tu linapokamilika, kwa maana uvuguvugu wa pasta ndio joto pekee ambalo mrehani hukutana nalo tangu kuchumwa, na ni katika dakika hizo chache, mvuke ukiwa bado unapanda, ambapo harufu iliyotolewa na mchi huwafikia walaji ikiwa nzima.